Uji Ule Uliungua

Ubao wa matangazo wa shule ile ulitundikwa kwenye korido, kati ya ofisi ya mkuu wa shule na stoo ya madawati mabovu. Wanafunzi walisema mahali pale palichaguliwa kwa hekima kubwa, kwa maana aliyezikuta habari zake ubaoni alikuwa na njia mbili tu: aingie ofisini akajieleze, au aingie stoo akajifiche. Jumatatu moja asubuhi, kabla umande haujakauka uwanjani, ilibandikwa karatasi yenye mistari minne. Ilisema kwamba mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, aliyepata alama kumi na tisa kwa mia katika somo la saikolojia, asipofikisha arobaini kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka, atakirudia kidato hicho chote, tangu somo la kwanza hadi la mwisho. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na moja.

Mwanafunzi huyo wenzake walimwita Daktari. Hakuwahi kumtibu mtu. Jina alilipata siku alipomweleza matroni, kwa sauti ya huzuni na macho yaliyolegea, kwamba maji ya baridi yanamrudishia machungu ya utotoni, akaruhusiwa kuoga maji ya moto wiki nzima huku bweni zima likitetemeka. Ni yeye pia aliyewaaminisha kidato cha kwanza kwamba anayekwenda bwaloni kinyumenyume hupewa chakula zaidi, na kwa siku tatu walimu walishuhudia msafara wa watoto ukitangulia kwa visogo. Akili alikuwa nazo. Hilo hata maadui zake hawakulikana. Tatizo ni kwamba akili zile hazikupenda kutumwa dukani zikaenda moja kwa moja. Zilipenda kuuzunguka mji kwanza.

Kurudia darasa ni aibu kwa yeyote, lakini kwa Daktari aibu hiyo ilikuwa na uso, na uso wenyewe aliufahamu tangu ulipozaliwa. Mdogo wake wa kike alisoma shule hiyohiyo, kidato cha pili. Alikuwa mwembamba na mwenye ulimi mkali, na kwa sababu hizo mbili aliitwa Sindano. Kila kidato kilikuwa na chumba kimoja tu cha darasa. Sindano hakuwahi kuanguka somo lolote tangu alipojua kushika kalamu, kwa hiyo mwaka ujao angepanda kidato cha tatu, na kaka yake asipopanda, wangekutana humo. Yule aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, yule aliyemdanganya kwa miaka miwili kwamba mwezi ni mali ya watoto wa kwanza, angeketi naye chumba kimoja na kunyoosha kidole kuomba ruhusa ya kwenda msalani.

Sindano aliisoma karatasi kabla ya mwenyewe. Wakati wa chai alilivuka bwalo na kikombe chake mkononi, akaketi mbele ya kaka yake.

"Kaka, nakuomba kitu kimoja tu," alisema. "Soma. Mimi nimekuzoea ukiwa mbele yangu."

Daktari alicheka, akamwambia ashughulike na kidato chake, wakubwa wana mipango yao. Lakini mkate aliokuwa akiutafuna ulikataa kushuka, ukakaa kooni kama mgeni asiyeagwa, mpaka uliposukumwa kwa chai mara mbili. Tangu siku hiyo kila kengele ilipolia moyo wake uliruka, hata ile ya kwenda kucheza.

Kwa mtu wa kawaida, siku ishirini na moja na kitabu cha kurasa mia mbili na kumi ni hesabu ya kugawanya tu. Hesabu hiyo aliifanya jirani yake wa kitanda cha chini, kijana aliyeitwa Tela kwa kuwa katika kila jambo alifika nyuma akiburutwa na wengine. Hata mzaha uliosemwa asubuhi aliucheka saa nne usiku. Tela aligawanya, akapata kurasa kumi kwa siku, akaanza siku hiyohiyo. Namna yake ya kusoma ilikuwa burudani ya bweni. Alisoma ukurasa, akakifunga kitabu, akaugeukia ukuta na kuusimulia yale aliyoyasoma kwa sauti ya chini, kisha akafungua tena kuona ni wapi alipoudanganya. Wenzake walisema mwaka huu ukuta utafaulu, na Tela atakwenda kuupongeza.

Daktari hakutaka kusoma kama mtu anayelima. Alisema msomi hujipanga kwanza. Akatafuta karatasi kubwa, akaazima kalamu za rangi kutoka mabweni mawili, akachora ratiba. Kijani kilikuwa cha kumbukumbu, nyekundu ya kusahau, buluu ya tabia, na njano ya mapumziko, kwa sababu ubongo nao ni kiungo. Aliipigia mistari kwa rula na kuipamba pembe kwa maua madogo. Kazi hiyo ilimchukua mpaka Ijumaa. Ratiba ilipokamilika ilikuwa nzuri kiasi kwamba watu walitoka bweni la pili kuja kuitazama, na mmoja wao, akiwa hana nia mbaya, akauliza mbona inaanza Jumatatu iliyopita. Daktari aliitazama kwa makini. Kweli ilianza Jumatatu iliyopita. Zilibaki siku kumi na saba, na kijani chote kilikuwa kimekwisha kupita.

Hapo ndipo wasiwasi ulipomvamia kwelikweli. Alikifungua kitabu, akaangukia sura ya kumbukumbu. Ukurasa wa kwanza wa sura hiyo ulieleza kwamba mtu anaweza kukumbuka orodha ndefu kwa kutunga sentensi ambayo kila neno lake linaanza kwa herufi sawa na jambo linalotakiwa kukumbukwa. Ukurasa uliofuata ulionya kwamba mbinu hiyo humfaa aliyekwisha kuyaelewa mambo yenyewe. Daktari hakuufungua ukurasa uliofuata. Alikwisha kupata alichokitaka, akakifunga kitabu kwa furaha ya mtu aliyeokota njia ya mkato.

Orodha ya kukumbuka ilikuwepo tayari. Mwalimu wa saikolojia alikuwa mama mmoja mtaratibu aliyezungumza kidogo na kutazama sana, ndiyo maana akaitwa Bi Darubini. Mwanzoni mwa muhula aliandika istilahi kumi na mbili ubaoni, akasema huo ndio uti wa mgongo wa mtihani, kisha akanyamaza dakika nzima ili wenye masikio wasikie. Zilikuwepo usimbaji, yaani kulitia jambo akilini, uhifadhi na urejeshaji, ambazo ni hatua tatu za kumbukumbu. Zikafuata ufifiaji, uingiliano, ukandamizaji na ukosefu wa vidokezo, ambazo ni sababu nne za kusahau. Mwisho zilikuwepo uimarishaji, ujumlishaji, utofautishaji, utowekaji na urejeo, mambo matano yanayoipata tabia iliyofunzwa. Daktari aliinakili orodha hiyo kwenye jalada la daftari, akaitazama, na nywele zikamsimama. Zote kumi na mbili zilianza na herufi u.

Mtu mwingine angeogopa. Daktari aliona muujiza. Alijiambia kwamba lugha yenyewe imemhurumia, imemnyooshea mambo yote yakawa ya herufi moja. Aliingia kazini, akafuta na kuandika kwa siku nne, na Jumanne jioni kabla ya chakula akasimama juu ya sanduku lake, akaomba watu watulie, akaisoma sentensi yake mbele ya bweni kwa sauti ya mtu anayetangaza uhuru wa nchi:

"Uji ule uliungua, ukamwagika uani, upishi ukaharibika, ufagio ukaitwa, ugomvi ukazuka, ukaisha."

Bweni lilipiga makofi. Maneno kumi na mawili, yote ya u, na juu ya hayo kisa chenye mwanzo, kati na mwisho. Tela peke yake hakupiga makofi. Alikuwa akihesabu kwa vidole, na vidole vilimwishia, akaanza upya. Mwishowe akauliza, kwa upole wa mtu asiyetaka kuharibu sherehe ya watu, kwamba ikiwa kila neno ni u na kila istilahi ni u, mtu atajuaje u ipi ni ya nani.

"Tela, ndugu yangu," alisema Daktari, akishuka sandukuni, "hilo ndilo jambo lenyewe. Hata uwe umelala, herufi huwezi kuikosea."

Tela alifikiri, akakubali kwamba herufi kweli hataikosea. Akaiandika sentensi nyuma ya daftari lake, kisha akaurudia ukuta.

Sentensi ilienea shuleni kama moto wa makuti. Ilipata mahadhi. Kwenye foleni ya bafuni mmoja alianza na uji ule, wengine wakajibu kwamba uliungua. Kwenye ngazi waliimba ukamwagika uani huku wakikanyaga kwa pamoja. Alhamisi asubuhi wanafunzi mia na ishirini walipanga foleni mbele ya dirisha la jikoni, bakuli mikononi, wakaiimba sentensi nzima kwa sauti moja. Ndani ya dirisha alisimama mpishi mkuu, mtu mpole mwenye mikono mikubwa, akiwa ameshika upawa. Hakujua habari za saikolojia. Alichosikia ni kwamba uji umeungua. Aliuweka upawa chini taratibu, akavua kofia yake nyeupe, akatoka na aproni yake hadi kwa mwalimu wa zamu. Alisema amepika uji shuleni hapo kwa miaka kumi na tisa, haujaungua hata siku moja, na kwamba kama watoto wamemchoka wangemwambia tu, kuliko kumtungia wimbo.

Mwalimu wa zamu aliuliza mtungaji ni nani. Vidole mia na kumi na tisa vilinyooka upande mmoja, kwa umoja ambao haujapata kuonekana shuleni hapo katika jambo lolote la maana. Daktari alijaribu kueleza kwamba uji ule ni wa kitaaluma tu. Mwalimu akamjibu kwamba hata masufuria ni ya kitaaluma, akampa kazi ya kuyasugua alasiri tatu, saa zilezile za kujisomea. Akasugua. Mikono ilipoingia kwenye majivu na maji ya sabuni, midomo yake iliendelea kuikariri sentensi, na kila alipofika mwisho alijisifu kwamba anasoma huku anaadhibiwa. Mpishi alimpita akamtazama kwa uchungu, kwa sababu bado alikuwa akimsikia.

Alasiri ya tatu ilikuwa Jumamosi, siku ya wageni, na baba yao alikuja. Alikuwa fundi wa kufuli, mtu wa maneno machache na vidole vyeusi vya mafuta ya mashine. Aliwaletea sabuni na mikate miwili, akawakuta watoto wake kwenye benchi nje ya bwalo, mmoja akinuka masizi. Kiunoni alining'iniza waya wenye funguo nyingi, kwa sababu hakuwahi kutoka nyumbani bila waya ule. Alikwisha kuipata barua ya mkuu wa shule. Hakugomba. Aliuliza tu maandalizi yamefikia wapi, na Daktari, aliyekuwa akiisubiri nafasi hiyo, akamsomea sentensi yake mara mbili, mara ya pili kwa mahadhi.

Baba aliisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa hilo neno la kwanza linafungua nini?" akauliza.

"Herufi u, baba."

"Na la pili?"

"Herufi u."

"La tatu, nisaidie."

Sindano aligeukia uwanjani, mabega yakimtikisika. Daktari alijibu kwa sauti iliyopungua kwamba la tatu nalo ni u. Baba alichomoa waya kiunoni, akauweka kwenye goti.

"Humu mna funguo sitini, mwanangu. Kila mmoja nimeukata meno yake mwenyewe. Siku nitakayozikata zote zifanane, nitabaki na mzigo tu kiunoni, na wateja wangu watalala nje."

Daktari alimweleza kwa heshima kwamba chuma ni chuma na ubongo ni ubongo, na kwamba mambo haya ni ya kisayansi, kwa bahati mbaya baba hakuyasoma. Mzee alikubali kwamba hakuyasoma. Aliwagawia mikate, akaongea na Sindano habari za nyumbani, akaangalia jua. Alipokuwa anaondoka alimshika mwanawe begani.

"Bibi yako nimemwambia kwamba mwakani unamaliza," alisema. "Amefurahi sana. Sasa sijui neno kama lile mtu hulirudishaje."

Daktari alibaki amesimama getini mpaka baba alipokata kona. Zilibaki siku tisa, na siku tisa si haba. Kwa kurasa ishirini kwa siku mtu angeweza kukivuka karibu kitabu kizima, naye hesabu hiyo aliifanya pale pale getini. Alirudi bwenini na nia ya kuanza kusoma. Mlangoni aliwakuta watoto saba wa kidato cha pili, kalamu mkononi, wamekuja kuandikiwa sentensi na mtungaji mwenyewe. Walimwita "mkubwa". Mmoja alimletea kiti.

Wiki ya mwisho ikapotea hivyo. Aliandikia watu, akasahihisha miandiko yao, akatoa maelezo juu ya nukta na mkato, akasuluhisha ugomvi wa mabweni mawili kama ni "upishi ukaharibika" au "upishi uliharibika". Mtu mwenye wafuasi hana muda wa kusoma. Lakini katikati ya sifa zile palikuwa na kitu kinamtafuna taratibu, kama mchwa ndani ya mguu wa kiti. Ijumaa mchana, akiwa peke yake msalani, alijaribu jambo ambalo hakuwahi kulijaribu. Alijiuliza neno la tatu, "uliungua", linasimamia istilahi ipi. Akasubiri. Haikuja. Akaliruka akajiuliza la tano. Uani. Uani kuna nini? Kuna kamba za nguo.

Alirudi bwenini akamkuta Tela anauambia ukuta juu ya ukandamizaji, kwamba akili huyafukia yale yanayoiumiza. Tela alimwona uso ulivyombadilika, akasogea kitandani na kumwachia nafasi, akamwambia kwamba kama akitaka wanaweza kuulizana, yeye istilahi zile amekwisha kuzipitia zote mara mbili, na siku tatu zinatosha kwa kumi na mbili. Ilikuwa nafasi ya dhahabu, na imeletwa na mtu asiyejua kumcheka mwenzake. Daktari aliitazama ile nafasi kitandani. Kisha akaona watoto wawili wa kidato cha pili wakichungulia dirishani kumtazama mtungaji. Alijinyoosha shati, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba kinachomsumbua ni uchovu wa kufundisha tu. Mtu aliyetunga hawezi kuulizwa utungo wake.

Siku ya mtihani bwalo lilinukia sabuni ya kudekia. Meza zilitenganishwa, saa ya ukutani ikasikika kwa mara ya kwanza mwaka huo. Bi Darubini aligawa karatasi bila kusema neno. Daktari alikuwa na kalamu tatu, moyo unaodunda hadi kwenye meno, na sentensi yake. Kabla hata hajaligusa swali aliiandika pembeni mwa karatasi, yote, bila kukosea hata nukta. Ilikuwa nzuri kama siku ilipozaliwa. Roho ikamtulia kidogo.

Swali la kwanza liliomba hatua tatu za kumbukumbu, kwa maelezo na mifano. Daktari aliweka kidole kwenye neno "Uji". U. Hatua ya kwanza inaanza na u. Aliandika u, akangoja lije lililobaki. Yalikuja mengi. Ulikuja ubao, ukaja uzi, ukaja unyayo. Ulikuja uyoga, akaufikiria kwa dakika nzima kabla ya kuukataa. Akaruka hadi "ule". Akaruka hadi "uliungua". Kila u ilimtazama kwa uso uleule, kama safu ya askari waliovaa sare, na hakumjua hata mmoja wao kwa jina. Hata jalada la daftari alilolinakilia orodha alijaribu kulikumbuka; alichokiona ni doa la chai na herufi ya kwanza ya kila mstari, zimepangana wima, u juu ya u, mpaka chini.

Alifunga macho ili akili imsaidie. Uji aliuona vizuri sana. Aliuona ukichemka, ukishika chini, ukimwagika uani. Alimwona mpishi na kofia yake mkononi. Kila alipoiuliza akili yake habari za kumbukumbu, akili ilimletea sufuria.

Swali la pili lilitaka sababu nne za kusahau. Kwa jambo hilo Daktari alikuwa mfano hai, lakini mtihani haukuomba mfano hai. Meza ya tatu kushoto kwake alimsikia Tela akiandika. Kalamu ya Tela haikuwa na haraka wala haikusimama. Mara mojamoja kijana yule aligeuka akautazama ukuta wa bwalo, akatingisha kichwa kana kwamba wameelewana, akaendelea. Saa ilikwenda. Zilipobaki dakika ishirini alimwona Sindano kwa mawazo, ameketi na kikombe chake. Akaanza kuandika chochote. Aliandika kwamba kumbukumbu ni kama uji. Aliandika kwamba isipokorogwa hushika chini. Alipoanza hakuweza kuacha. Alijaza kurasa mbili na nusu, na kengele ilipolia alikuwa amefika kwenye ufagio.

Majibu yalitoka baada ya siku nne. Tela alipata alama sabini na moja, akakaa kimya siku nzima mpaka furaha ilipomfikia jioni. Alimtafuta Daktari, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamshukuru kwa dhati. Alisema istilahi zote alikuwa nazo, ila zilikuwa zikimchanganya ni ngapi za kumbukumbu, ngapi za kusahau na ngapi za tabia. Ile sentensi ilimhesabia tatu za uji ulioungua, nne za uani na upishi, na tano za ufagio na ugomvi, naye akaziweka mahali pake. "Bila wewe nisingepata sabini," alisema. Hakukuwa na kejeli hata chembe ndani yake, na hilo ndilo lililouma kuliko kejeli.

Bi Darubini alimwita Daktari ofisini. Alimtazama, akaisukuma karatasi juu ya meza. Ilikuwa na alama ishirini na sita. Chini ya kurasa mbili na nusu za uji palikuwa na wino mwekundu: "Uji umeeleweka. Saikolojia haijaeleweka." Mwalimu akamuuliza, bila ukali, kama mtu anayetafuta sababu ya kuongeza hata alama mbili tatu.

"Niambie tu, mwanangu. Usimbaji ni nini?"

Daktari aliutazama mlango, akautazama wino. Uongo wote aliokuwa nao shuleni hapo, na ulikuwa mwingi, ulimkimbia kwa wakati mmoja.

"Ni neno la kwanza, mwalimu," alisema. "Ni uji."

Bi Darubini alilifunga faili.

Muhula mpya ulipofunguliwa, Tela alibeba godoro lake akahamia bweni la wakubwa. Daktari alisimama mlangoni mwa chumba cha kidato cha tatu, chumba ambacho alikijua mpaka nyufa za dari yake, akiwa na daftari jipya chini ya kwapa. Watoto waliokuwa wakimwita mkubwa walikuwa wamejaa humo. Waliinamisha vichwa, na wawili watatu wakashika midomo. Mwalimu mpya wa darasa alikuwa mtu wa utaratibu. Aliwapanga wanafunzi kwa majina ya baba zao, herufi kwa herufi, na watu wenye baba mmoja hawana pa kukimbilia. Akaita jina, akaonyesha dawati. Kwenye dawati lile alikuwa ameketi Sindano.

Daktari alitembea hatua kumi na moja ambazo kwake zilikuwa maili. Alijiandaa kwa kicheko, alijiandaa kwa neno kali, na kwa yote mawili alikuwa na majibu. Sindano hakucheka. Alisogea, akampanguzia vumbi upande wake wa benchi kwa kiganja, na macho yake yalikuwa mekundu. Daktari akaketi.

Kipindi cha kwanza kilikuwa saikolojia. Bi Darubini aliandika istilahi zilezile kumi na mbili, akanyamaza dakika yake. Mkono wa Daktari, kwa mazoea yake mabaya, ulikwisha kuanza kupigia mstari herufi ya kwanza ya kila neno, na midomo ilikwisha kuanza kutafuta ukoo mwingine wa maneno ya u. Alikuwa amefika kwenye istilahi ya tatu pale mdogo wake alipoishika kalamu ikiwa bado mkononi mwake, akaishikilia.

"Kaka," alinong'ona, "anza na maana."

Daktari alifungua kitabu ukurasa wa kwanza wa sura ya kumbukumbu, akausoma mpaka chini, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaufungua ukurasa wa pili. Humo, mwaka mzima ukiwa umekwisha kupita na mdogo wake akiwa bega kwa bega naye, akajifunza kutoka katika kitabu jambo ambalo waliomtangulia duniani walikwisha kulisema bila kitabu: akili nyingi huondoa maarifa.